Sahani ya Saba

Mama mkwe aliingia na uji ndani ya beseni la kufulia nepi.

Nyamizi aliliona beseni kabla hajauona uji. Lilikuwa lile lile la bluu, lenye ufa ulioshonwa kwa waya, na jana yake yeye mwenyewe alikuwa ameloweka humo nepi nne za mtoto. Kando ya ufa palikuwa na mstari wa njano uliokaukia hapo. Uji ulikuwa umefika mpaka kwenye mstari huo, unafuka moshi.

"Kunywa ungali wa moto, mama Kabula," alisema mama mkwe, akajiweka kitandani kwa raha. Jina lake lilikuwa Mbuke, mwanamke mnene, mcheshi, mwenye mikono isiyotulia. "Leo siku yako. Bakuli nikaliona dogo, nikasema huyu mzazi, anatoka arobaini, atashiba na bakuli?"

"Mama, hili ni la nepi."

"Nalijua."

"Uliliosha?"

Mbuke alifikiri. Hakuwa mtu wa uongo. "Nililimwaga," alisema.

Mate yalimjaa Nyamizi mdomoni, yale mepesi ya chumvi yanayokuja mbele ya matapishi. Aliyameza. Alijifunza kuyameza tangu utotoni, kwa sababu katika mji wote wa Nhumbili, wenye watu elfu tisa waliokaa chini ya ardhi, ukitapika mbele ya watu hawakuoni mgonjwa. Wanakuonea huruma, kama wanavyomwonea kipofu.

Hawakuwa watu wachafu kwa uvivu. Kila nyumba ilichorwa sheria ukutani kwa rangi nyeupe. Nawa ukitoka chooni. Usile kilichooza. Usishike maiti kwa mkono mtupu. Watu walizikariri, wakazifuata kama wanavyofuata njia za mgodi gizani, hatua kwa hatua, bila kuuliza. Ila sheria haikutaja beseni. Na mahali ambapo sheria haikutaja kitu, hakuna kilichowazuia, kwa sababu ndani yao hapakuwa na ile sauti inayosema *ebu, toa!*

"Nitakunywa baadaye, mama."

"Baadaye lini? King'ora kikilia tu tunatoka. Mzee Ndalahwa hacheleweshwi." Mbuke alimchukua mtoto, akamlamba jicho lililokuwa na tongotongo, akameza. "Haya basi, mjukuu wangu. Leo unapewa tone. Kuanzia leo utakula kila kitu, utanenepa kama bibi yako. Hutakuwa kama mama yako huyu, kila siku anakonda na visahani vyake."

Nyamizi aligeuza uso ukutani. Alisikia ulimi wa mama mkwe ukilipitia jicho la pili.

Hilo ndilo lililomnyima usingizi siku arobaini. Kila mtoto wa Nhumbili, siku ya kutolewa nje, aliwekewa tone moja ulimini. Tone lilipanda kichwani, likauma kitu fulani, na mtoto huyo hakuona kinyaa tena mpaka anakufa. Kabula angepewa leo. Kabula, jina la mtoto wa mvua, ingawa mvua hakuna kijana aliyeiona. Jana Nyamizi alipomsogezea kwapa lenye jasho kwa bahati mbaya, mtoto alikunja pua. Nyamizi alicheka peke yake, halafu akalia. Alikuwa amempata mtu wa kufanana naye, na mtu huyo alikuwa amebakiza siku moja.

Mlangoni palibishwa. Mjumbe alisema Mzee Ndalahwa anamtaka mwonjaji Nyamizi chumbani kwake, na mtoto wake, kabla ya king'ora.

"Wewe!" Mbuke alipiga makofi. "Mzee mwenyewe! Nenda mwanangu, nenda. Uji nitakufunikia."

Aliufunika kwa nepi.

*

Njia ya kwenda kwa Mzee ilipita katikati ya Nyumba ya Masufuria. Zamani, Nhumbili ilipokuwa mgodi wa dhahabu, hapo ndipo mawe yalipopondwa, na karasha kubwa la chuma lilikuwa bado pale, linanguruma. Sasa lilikuwa linaponda mabuu.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Vyoo vyote vya mji viliteremkia kwenye mabwawa ya ngazi ya saba. Juu ya mabwawa walifugwa inzi weusi, na inzi walitaga. Mabuu yalikula kilichomo bwawani mpaka yakawa manene kama kidole cha mwisho, yakachotwa kwa makoleo, yakaoshwa, yakakaushwa, yakapondwa unga. Unga ukichemka muda wa kutosha hauna ugonjwa wowote. Una nguvu kuliko nyama. Huko juu ardhi ilikuwa imefunikwa na majivu kwa mwaka wa thelathini na moja, hakuoti hata jani, na mji uliishi kwa uji huo peke yake. Kwenye chumba kimoja chenye taa walipanda viazi na maharage. Viazi na maharage hivyo vilitosha sahani saba kwa siku.

Sahani sita zilikuwa za waonjaji. Ya saba ya Mzee.

"Mwonjaji!" Malimi, fundi wa masufuria, alimpungia mwiko. "Afadhali umefika. Hebu sufuria la tano. Mwonjaji mwenzako Nkamba kanusa, kasema zuri, lakini Nkamba ana mafua."

"Mimi bado niko ndani ya arobaini, Malimi."

"Pua nayo iko arobaini?"

Nyamizi alimfunika Kabula uso kwa kanga, akasogea. Mvuke ulimpiga. Alichambua harufu kama alivyofundishwa: kwanza ule uzito wa mafuta ya mabuu, ambao ni wa kawaida, halafu udongo wa bwawa, wa kawaida, halafu chini kabisa kitu chenye utamu, utamu wa kidonda kilichofungwa muda mrefu. Alirudi nyuma hatua moja.

"Mwaga."

"Lote?"

"Mabuu yalikufa kabla ya kukaushwa. Mwaga, Malimi."

Malimi alilamba mwiko kwa masikitiko. "Mbona tamu?"

"Umeshakula?"

"Vijiko viwili. Vitatu."

"Nenda katapike!"

"Nitatapikaje?"

"Tia kidole kooni."

Malimi alikitia, akakaa nacho mdomoni huku akimwangalia kwa utiifu, kama mtoto anayepimwa joto. Hakikutoka kitu. Akakitoa, akakifuta kwenye suruali, akaingia kumwaga sufuria kwa mkono huo huo.

Kabla ya kuwapo waonjaji, sufuria moja kama hilo liliua watu mia mbili na kumi na wawili kwa siku mbili. Walikufa wakisifia mapishi. Ndipo Mzee Ndalahwa alipotangaza kwamba wapo watoto wachache ambao tone haliwashiki, na kwamba hao wasidharauliwe, wapewe kazi. Nyamizi alikuwa mmoja wao. Alikulia kwenye benchi la waonjaji, akitapika kwenye ndoo, akisikia watu wakisema maskini.

*

Chumba cha Mzee kilinuka sabuni. Nyamizi alisimama mlangoni akavuta pumzi ndefu kuliko adabu inavyoruhusu.

Mzee Ndalahwa alikuwa mrefu, mweupe wa nywele, na siku zote alivaa kitambaa kinachofunika pua na mdomo. Hakuna aliyewahi kumwona akila. Watoto walimwogopa, wakubwa walimwombea dua. Waonjaji, wao walimchukia kimya kimya. Alikuwa amekaa mbele ya meza iliyosuguliwa mpaka mbao zikaota manyoya, na juu ya meza palikuwa na vitu viwili: chupa ndogo ya kahawia na kiazi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mtoto hajambo?"

"Hajambo."

"Nusa hiki." Alikisukuma kiazi.

Hakuhitaji kukisogelea. "Kimeoza."

"Nilikila nusu asubuhi," alisema Mzee. Alikishusha kitambaa chake, na Nyamizi akauona uso kwa mara ya kwanza. Ulikuwa uso wa kawaida, wa babu aliyechoka, mdomo umekauka. "Pua yangu imekufa, Nyamizi. Miezi mitatu sasa. Ninakumbuka harufu, lakini sizisikii. Nikifumba macho siwezi kujua kama nimekaa chumbani au bwawani. Ndiyo maana nimekuita. Keti."

Aliketi.

"Si kweli kwamba tone halikukushika. Watu wote wanadhani hivyo, na wewe unadhani hivyo. Siku ya arobaini yako nilikuwekea maji."

Nyamizi hakuelewa mara moja. Kisha alielewa kwa mwili mzima. Miaka ishirini na miwili ya kumeza matapishi. Usiku wa harusi, mumewe Shija alipomletea zawadi ya mabuu mabichi kwenye kikombe, akijua kabisa anampa kitu kizuri, naye akatapikia shuka. Shija alisafisha bila kukasirika, akamwuliza, "Nimekukosea nini?" Na mpaka leo hakujua amjibu nini.

"Wewe," alisema. Hakupata neno la adabu la kuweka mbele. "Wewe ulinichagua."

"Nilihitaji pua."

"Ungempa mtoto wako maji!"

"Wangu hawakuwepo tena." Alisema bila kuomba huruma. "Nitakueleza, na usinikatishe, maana sina nguvu ya kurudia. Mwaka Mbaya, tulipofungiwa humu, walikufa watu mia tatu wa kwanza, na waliobaki waliwala. Sitakuficha kwa maneno. Waliwala. Mimi pia. Mke wangu, Kashindye, pia. Na waliokuwa kwenye sufuria yetu walikuwa watoto wetu wawili, waliokufa wenyewe kwa njaa siku moja."

Kabula alijinyoosha mapajani. Nyamizi alimkumbatia mpaka mtoto akalalamika.

"Halafu nikagundua mabuu. Njaa ikaisha. Sikiliza vizuri hapo. Njaa ilikuwa imeisha, chakula kipo, na ndipo watu walipoanza kufa kweli. Hawakuweza kukaa na vinywa vyao. Kashindye alisugua ulimi kwa mchanga mpaka ukatoka vipande. Hakunywa maji kutoka mkononi mwake mwenyewe. Kila siku watu watatu, wanne, walipanda ngazi wakatokea mdomo wa mgodi, wakatembea ndani ya majivu mpaka wakadondoka. Walikuwa wanakufa kwa kujionea kinyaa."

Aligusa chupa kwa ncha ya kidole.

"Kwenye mavi ya popo, ngazi ya nne, kuna ukungu. Ndani ya kichwa, nyuma ya sikio, iko sehemu ndogo kama korosho, na hapo ndipo harufu mbaya na aibu vinapokutana. Ukungu huu unaipenda sehemu hiyo. Unaila, unaacha mengine yote. Mtoto huchukua wiki. Mtu mzima hata saa haifiki. Nilimpa Kashindye. Jioni ile alinawa uso, akapika, akaniuliza mbona sili. Aliishi miaka kumi na tisa baada ya hapo, anaimba. Aliwalilia watoto kama mama yeyote. Lakini alijilamba vidole. Sikumbusu tena mpaka anakufa."

"Na wewe kwa nini hukunywa?"

"Niliwahi kumpa mtu mwingine chupa, aliyekwisha kunywa. Mtu mwema sana. Aliwaongezea watu matone kama anavyoongeza chumvi, maana hakuona tatizo liko wapi. Wale waliopewa matatu tuliwakuta wamelala kwenye bwawa lenyewe, wamefungua midomo." Alimtazama usoni. "Chupa hii lazima ishikwe na mtu anayeichukia. Katika waonjaji sita, hakuna anayeichukia kama wewe."

Nyamizi alitazama chupa. Shingo yake ilikuwa na utando mweusi, unaong'aa kama makamasi.

"Ukiipokea," alisema Mzee, "leo Kabula namwekea maji. Sahani yangu itakuwa yako, na yako itakuwa ya Kabula akiacha ziwa. Usipoipokea, ataingia kama wenzake. Sina sahani ya nane."

"Na wewe utakula nini?"

Mzee alikuwa anapandisha kitambaa.

"Sitaki," alisema Nyamizi. "Sitaki niwafanyie watoto wa watu ili wangu apone. Na sitaki afanyiwe wangu. Wewe umezoea kuwachagulia watu. Wakijua ulichowaficha, watakupasulia chupa hiyo kichwani."

"Waambie," alisema Mzee kwa upole. "Ukumbi wote utakuwepo."

*

King'ora kililia. Ukumbi wa ngazi ya tatu ulijaa watu waliovaa vizuri. Mikeka ilitandikwa, mabakuli yakapitishwa, na kina mama watatu wenye watoto wa arobaini walikaa mbele, Nyamizi wa kwanza. Karibu naye alikaa binti mmoja mwembamba aitwaye Sundi, na mtoto wake wa kiume aliyekuwa anapiga chafya kila mara. Sundi alimfuta makamasi kwa kidole, akayachovya kwenye uji wake bila kuangalia, akaendelea kunywa.

Mzee Ndalahwa alisimama na chupa. "Mwonjaji ana neno," alisema, akarudi nyuma.

Nyamizi hakuwa mtu wa kusema mbele za watu. Alisimama akitazama mkeka.

"Hili tone siyo la kula uji," alisema. "Mnaambiwa ni la uji. Siyo. Mlipewa ili msijisikie. Mwaka Mbaya mlikula watu. Mlikula maiti zenu, watoto wenu, kaka zenu. Mzee huyu akawafuta msione uchungu wake. Miaka thelathini na moja mnacheka naye."

Akangoja kelele.

Watu walikuwa wamemgeukia kwa upendo, kama mtu anavyomsikiliza mgeni anayejitahidi kusema lugha yao. Mahali fulani nyuma mtu alikohoa, akatema, akaendelea kula.

"Mama Kabula," alisema Mbuke. "Tunajua."

"Mnajua nini?"

"Hayo yote. Nani asiyejua? Mimi nilimla Lutonja wangu, kifunguamimba. Alikuwa amekufa mwenyewe, hatukumuua. Shija alikuwa na miezi miwili, na maziwa yalikuwa yamekauka." Machozi yalimtoka Mbuke, ya kweli, yakamteremka mpaka kwenye kidevu chenye uji. "Siku ya tatu maziwa yakarudi. Ndiyo maana una mume. Nilimlilia Lutonja, na mpaka leo namlilia. Aliimba vizuri yule mtoto. Sasa keti, uji unapoa." Akajifuta machozi kwa kiganja, akakilamba.

Wengine waliitikia kwa vichwa. Mzee mmoja akasema yeye alimla baba yake. Mwanamke mwingine akasema pacha wake, na akataja jina lake vizuri, ili lisikike. Walitaja kwa huzuni, bila kuficha, na baina ya jina na jina vijiko vililia kwenye mabakuli.

Nyamizi alitapika. Hakuwahi mahali popote. Yalitoka mbele ya watu wote, juu ya mkeka mpya, na kabla hajafuta mdomo Mbuke alikuwa ameshainuka, ameyakusanya kwa viganja viwili, akimwambia pole, pole mwanangu, pole.

Katika ukumbi wote mtu mmoja tu ndiye aliyegeuza uso. Mzee Ndalahwa alikuwa ameegemea nguzo, mabega yanaruka, mkono umebana kitambaa mdomoni. Pua yake ilikuwa imekufa, lakini macho yalikuwa bado yanaona. Nyamizi alimtazama, na kwa muda mfupi, kwa chuki yake yote, alijisikia nafuu. Palikuwa na mtu. Hata kama ni huyu.

Mzee alirudi mbele pole pole. Akainama juu ya Kabula, akamfungua mdomo kwa kidole chenye glovu. Nyamizi alinyanyua mkono kumzuia, kisha akaona kwamba alichoshika ni kichupa kingine, cheupe. Tone lilikuwa safi. Lilikuwa maji.

"Nimesema sitaki," alinong'ona.

"Nimesikia."

Akaweka chupa ya kahawia mapajani pa Nyamizi. Lakini kabla ya kuiachia aliifungua, akavua kitambaa mbele ya watu elfu, akatoa ulimi, akajidondoshea. Moja. Ukumbi ukashangilia. Mtu akapiga kigelegele. Mzee wetu naye!

"Nipeni bakuli," alisema.

Wakampa. Kijiko cha kwanza kilimshinda. Kilirudi puani, akakohoa, akakirudisha, akakilazimisha kushuka huku machozi yakimtoka. Cha pili alikishikilia mdomoni muda mrefu, koo likipanda na kushuka. Nyamizi alitaka kugeuka asione, akashindwa. Kijiko cha tano kilipita. Cha nane kilipita kwa haraka kuliko cha saba. Mahali fulani katikati ya bakuli, mikunjo ya kando ya mdomo wake, mikunjo iliyochimbwa kwa miaka thelathini na moja, ililegea mmoja mmoja, na uso ukawa laini, mzuri, wa babu anayekaribisha wajukuu. Inzi alianguka kwenye uji. Mzee alimwangalia, akamla na kijiko.

"Kashindye alikuwa anapika hivi hivi," alisema kwa mshangao. "Nilimkosea." Akafuta bakuli kwa kidole cha glovu, akalamba glovu, akamtabasamulia Nyamizi bila kumtambua sana.

Yule mmoja aliyekuwa anaona kinyaa kama yeye amekwenda. Amempa sahani, amempa mtoto wake pua, na amemwachia kila kilichobaki.

Nyamizi alisimama ili aondoke. Kabula kifuani, chupa mkononi, akitafuta jiwe la kuipasulia.

"Mwonjaji," alisema Sundi. "Zamu yangu."

"Nenda nyumbani, Sundi. Leo basi."

"Kesho?"

"Hakuna kesho. Mwache hivyo alivyo. Ni mzima. Anaona kinyaa, ni kitu kizuri, ni..." Alitafuta neno, na alivyokuwa ananuka mwenyewe matapishi, hakulipata.

Sundi alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na umri kama wake, labda mdogo kwa mwaka. "Akiacha ziwa atakula nini?" aliuliza.

Nyamizi alimtazama Kabula.

"Wako ana sahani. Nimemwona Mzee amekupa. Sikuonei wivu, umeitumikia kwa pua yako." Hapakuwa na hasira kwenye sauti yake, hofu tu, hofu ya mama yeyote. "Mimi sina sahani. Akiukataa uji nitamfanyaje? Nimshike pua nimimine? Atapaliwa. Dada yangu, maziwa yalipomkauka na tone limechelewa siku kumi, alimwagia mtoto wake hivyo. Akapaliwa. Nisaidie, dada. Moja tu. Usizidishe."

Alikuwa ameshapiga magoti, ameshamfungua mtoto mdomo kwa kidole gumba, kidole kile kile cha makamasi. Ulimi wa mtoto ulikuwa mwekundu, msafi, haujagusa kitu duniani isipokuwa maziwa.

Mzee Ndalahwa alikuwa anaomba bakuli la pili.

Nyamizi aliikamata chupa kwa ncha za vidole, mbali na mwili wake. Utando wa shingoni ulimgusa, wa baridi, wenye kuteleza, na ngozi yake yote ilisisimka mpaka kwenye meno. Aliiinamisha kidogo sana. Tone lilitoka jeusi, likavutika, likakataa kukatika, mwisho likakatika. Mtoto alikunja uso, akasukuma kwa ulimi, akatafuta macho ya mtu wa kumsaidia, akayapata ya Nyamizi. Akameza.

Aliifunga chupa kwa nguvu mpaka kifuniko kikamchubua.

"Asante, dada," alisema Sundi, akambusu mkono ule, juu ya utando. "Una mkono mwepesi."

Nyuma yake, mama wa tatu alikuwa ameshasogea.